Nimebarikiwa mavuno, mbona sina amani?

SWALI: Shikamoo Mama. Mwaka huu nimevuna magunia 64 ya mahindi, sijawahi kupata hivyo. Nimetoa fungu la kumi, na siku ya mavuno kanisani mchungaji akaniombea baraka. Lakini nyumbani hakukaliki. Vibarua wanadai ujira wao, nami nasubiri bei ipande Januari ndipo niuze. Kina mama wa jirani waliingia kuokoteza, nikawafukuza, maana mabua ni chakula cha ng'ombe wangu na wengine ni wadokozi. Mke wangu anasema baraka naila peke yangu. Nimekosea wapi?
Mkulima, Mbozi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hongera kwa mavuno.

Naanza na vibarua, kwa sababu njaa yao haisubiri Januari. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inaagiza kibarua maskini alipwe siku ileile, kabla jua halijachwa, asije akamlilia Bwana juu yako. Mahindi yako subiria bei upendavyo. Ila ujira wao ulikuwa wao tangu jioni waliposhona gunia la mwisho, na sasa unaungojea bei bila ruhusa yao. Uza ya kuwatosha wiki hii, kwa bei iliyopo. Ukipoteza, umepoteza wewe.

Tuje kwa kina mama. Sura hiyohiyo, mstari wa 19, inasema mganda uliosahauliwa shambani usirudiwe. Ni wa mgeni, yatima na mjane, ili Mungu akubariki katika kazi ya mikono yako. Soma hapo taratibu, mwanangu. Baraka unayoitafuta imefungwa kwenye hayo mahindi uliyowafukuzia.

Ruthu sura ya 2 naipenda sana. Boazi anafika shambani Bethlehemu, anawasalimia wavunaji kwa jina la Bwana, nao wanamwitikia, Bwana akubariki. Tajiri yule alibarikiwa na vinywa vya vibarua wake! Wako, wakikutana nawe njiani, wanaitikia nini? Kisha akawaagiza vijana wachomoe masuke kwenye matita makusudi, wamwachie Ruthu aokote, wala wasimkemee. Jioni mwanamke yule mgeni, Mmoabi, alipata efa ya shayiri, karibu lita 22. Hilo ni debe na ziada, kwa siku moja.

Udokozi upo, sibishi. Boazi naye alimuuliza msimamizi wake huyu binti ni nani, na Ruthu aliokota nyuma ya wavunaji. Weka utaratibu: ondoa marundo yako yote shambani, kisha mwambie balozi awatangazie kina mama siku ya kuingia. Wakimaliza, ng'ombe waingie. Mabua hayatapungua.

Fungu la kumi ulifanya vyema kulitoa. Ila katika Kumbukumbu 14:28-29, zaka ya kila mwaka wa tatu iliwekwa malangoni, Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Kwa hiyo usiseme ya Mungu umeshamaliza.

Mkeo ameona sawasawa. Kaeni leo muandike majina ya vibarua na kiasi cha kila mmoja, mlipe kabla ya Jumapili. Aliyekwisha kwenda kuchuma kahawa kijiji kingine mtumie kwa simu, na uweke na ya kutolea.