Vipele vyeupe chini ya macho: weka pini chini kwanza

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kibuye, Kisumu, na pini hazikosi mezani pangu. Siku ile nilikuwa na vipele vyeupe vitano chini ya jicho la kulia, vigumu, vidogo kama punje za wimbi, visivyouma wala kuwasha. Jumamosi ilikuwa harusi ya binamu yangu. Alhamisi jioni wateja walipopungua, nilichukua pini, nikaipitisha kwenye moto wa kiberiti, nikasogeza kile kioo cha wateja karibu na mlango, nikaanza kuchokoa.

Cha kwanza hakikutoa usaha. Nilikiminya kwa kucha mbili mpaka machozi yakanitoka, nikaambulia damu tu. Nikadhani sijafika ndani, nikaingia cha pili, kisha cha tatu. Harusini nilikwenda jicho limevimba, na kila shangazi aliyenisalimia aliuliza nani amenipiga. Uvimbe ulipoisha yalibaki madoa mawili meusi yaliyochukua karibu mwaka kufifia, na kishimo kimoja ambacho bado kipo. Sisi wenye ngozi nyeusi tunalijua hili: kidonda kinapona wiki moja, doa lake linakaa miezi.

Daktari wa ngozi aliyeniona baadaye aliniambia, "Dada, hizi si chunusi." Kitabibu vinaitwa milia, na jina hilo halihusiani na milia ya punda. Kila kipele ni kifuko kidogo kilichofungwa, kimekaa chini kidogo tu ya ngozi ya juu. Ndani yake mna keratini iliyoganda, ile ile inayojenga kucha na nywele. Chunusi ina tundu, ndiyo maana ukiiminya hutoa kitu. Kifuko hiki hakina mlango. Ukikiminya, nguvu yote inaishia kwenye nyama ya pembeni, na ngozi ya chini ya jicho ni nyembamba mno kwa vita hivyo. Akachukua sindano safi ya hospitali, akapasua juu kidogo sana, punje ikatoka nzima, nyeupe, kama imetolewa kwenye ganda. Hakuna damu ya kutaja. Vilivyobaki alisema niviache.

Kwa hiyo nyumbani ufanye nini? Mimi nilianza na mafuta. Nimelelewa kwa kupakwa mafuta mazito ya mgando uso mzima, maana kwetu mtoto asiyeng'aa huonekana hana mwenyewe. Mafuta hayo ni mazuri kwa visigino na viwiko, na sijayaacha. Lakini mtu ambaye tayari ana vipele hivi hafai kuyapaka kuzunguka macho kila usiku. Nilibadilisha nikatumia losheni nyepesi isiyo na manukato, tena kidogo.

Kuosha uso ni mara mbili kwa siku, maji ya uvuguvugu, sabuni laini, viganja vyako tu. Usisugue kwa sukari wala kwa kile kitambaa kigumu cha kuogea. Kausha kwa kugusagusa na taulo. Ukijipaka vipodozi, usilale navyo hata kama umechoka vipi. Halafu kofia. Ikweta inapita pale Maseno, si mbali na sisi, na jua likikuchoma miaka na miaka ngozi inaharibika na kushindwa kutoa seli zake zilizokufa vizuri. Kofia pana na losheni ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, si anasa kwa mama anayeuza nje kutwa.

Kwa vile vilivyonitokea mashavuni pia, nilinunua kwa kemisti jeli ya adapaleni ya asilimia 0.1. Ni dawa ya jamii ya vitamini A, na inasaidia ngozi ya juu kujibadilisha haraka. Unachukua kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, usiku, uso ukiwa mkavu, usiku mbili kwa wiki kwanza. Nilikimbilia kila usiku na nikabanduka ngozi kama kitunguu. Usirudie kosa hilo. Isifike kwenye kope wala kwenye ngozi ile nyembamba ya chini ya jicho. Na kama una mimba, au unatafuta mtoto, usiiguse kabisa. Mashavuni vilianza kupungua mwezi wa tatu. Vya chini ya macho, ambavyo sikuvipaka chochote, navyo viliondoka, ila polepole zaidi. Nikiwa mkweli, subira ilifanya kazi kubwa kuliko jeli.

Ndimu usipake. Maji yake usoni ukatoka juani yanaunguza ngozi na kuacha madoa kama ya moto. Dawa ya meno hivyo hivyo. Na zile krimu za kung'arisha zinazouzwa kwa vikopo visivyo na jina nazichukia kwa moyo wote: nyingine zina steroidi, dawa kali za kupunguza uvimbe, na steroidi ikipakwa usoni muda mrefu inakondesha ngozi na inaweza yenyewe kuleta vipele hivi.

Si kila kipele cheupe ni hiki, lakini. Kikiwa na kishimo katikati na vinazidi kuongezeka kwako na kwa watoto, huenda ni ugonjwa wa virusi unaoambukiza. Mabaka ya njano kwenye kope karibu na pua yanaweza kuashiria mafuta mengi kwenye damu, kwa hiyo omba upimwe. Kinachokua, kinachotoka damu, au kilicho ukingoni mwa kope, nenda hospitali. Hapa mjini wengi wetu tunakwenda ile kubwa tunayoiita Russia.

Watoto wachanga nao. Dada yangu alipojifungua, pua ya mtoto ilijaa vitone vyeupe, nikahesabu kumi na kimoja. Karibu nusu ya watoto huzaliwa navyo au huvipata siku za kwanza. Dani, yaani nyanya yetu, alikuwa tayari amemlaza mtoto mapajani, ukucha wa kidole gumba umekaribia pua. Nilipiga magoti nikamshika mkono, nikamwambia, "Dani, samahani, tusiviminye. Tumwoshe kwa maji tu." Alinung'unika, ila alimrudishia mama yake. Tulipompeleka chanjo ya wiki sita, pua ilikuwa laini. Vilibaki viwili kidevuni, na Dani mwenyewe ndiye aliyemkataza jirani asiviguse.