Re: Fida (laini ya kusambaza umeme) ndefu ya 33 kV, hesabu haitulii MATLAB

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, fida yako ya kuelekea Kondoa ukiirun kwa Newton-Raphson (njia ya kukokotoa volteji kwa kurudia-rudia) inalipuka, yaani namba hazitulii, na ukiipeleka kwenye PSO (njia ya kutafuta jibu bora kwa kujaribu mengi) ya kupanga kapasita zikae wapi kila mara inakuletea nodi (pointi ya laini) tofauti. Achana na PSO kwanza. Anza na yuniti, projekti nyingi za mwaka wa mwisho hufia hapo: kwa 33 kV na 10 MVA omu za msingi (kV mraba gawa kwa MVA) zinatakiwa ziwe 108.9, na mzigo wa kW usije ukaingia kama MW.

Zikiwa sawa na bado inagoma basi ni laini yenyewe, fida za vijijini ni ndefu na nyaya nyembamba, resistansi (ukinzani wa waya) inaikaribia au kuipita riaktansi (ukinzani unaotokana na mkondo kubadilika-badilika) na hapo Newton-Raphson inaweza kuyumba, mi natumia njia ya kufagia, unajumlisha mikondo kutoka mwisho wa laini hadi substesheni halafu unashuka tena ukikokotoa volteji, unarudia mpaka zitulie. Kodi (code) hiyo ijaribu kwanza kwenye mfumo wa majaribio wa nodi 33 wa watafiti Baran na Wu wa 1989, ule wa 12.66 kV: upotevu utoke kama 202.7 kW na volteji ya nodi ya 18 iwe 0.913 ya ile ya substesheni. Usipopata hizo namba usiguse data ya Kondoa.

PSO kubadilika badilika kawaida tu, inaanza kwa kubahatisha. Irun mara 30, ripoti jibu bora na wastani. Ila kama upotevu wenyewe unatofautiana sana na sio nodi tu, cheki penati ya volteji (adhabu jibu linayopewa likivuka mipaka ya volteji), kodi yako sijaiona ila nashuku hapo. Tupia faili la data tuone.