Masikio kulia ukiwa kwenye dozi ya kwinini
Ukimeza kwinini, dawa ya malaria, na masikio yakaanza kulia, kwa kawaida ni kwinini yenyewe hiyo, si malaria kupanda kichwani. Masikio kulia, kusikia kama uko mbali, kizunguzungu na kichefuchefu ni maudhi yake ya kawaida. Nimeuza dawa miaka mingi na karibu kila anayemeza vidonge vile hulalamikia masikio. Kwa wengi huisha siku chache baada ya kumaliza dozi. Usiikatishe mwenyewe, dozi ni siku 7 na vimelea vikibaki utarudi kitandani. Ila ukiona ukungu machoni au usikivu unapotea kabisa, rudi leo hii kwa aliyekuandikia dawa.

Na usichanganye na aspirini, nayo ikizidi huliza masikio vilevile. Sindano za jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, ndizo za kuogopa zaidi, maana uharibifu wake unaweza usirudi nyuma.

Mafuta ya moto na vitunguu saumu sikioni achana navyo, havifiki hata panapotoka huo mlio. Kama ulianza kabla ya dawa, au ni sikio moja tu, hapo huenda kwinini haihusiki, kapimwe: pengine ni nta imeziba, na husafishwa hospitali.