3D inarenda taratibu? Usikimbilie kununua mashine mpya

Mkuu umeuliza kama ni lazima ununue kompyuta nyingine kwa sababu nyumba uliyoichora kwenye Blender (programu ya kuchora 3D), yenye minazi na fanicha za kudownload, inamaliza rami na picha moja inakesha. Kazi za kuwachorea wateja nyumba ndo zinanilisha, nakuomba hiyo hela itulie kwanza.

Washa Statistics (takwimu za Blender) uone idadi ya pembetatu zinazounda maumbo yako, halafu ficha kitu kimoja kimoja uone namba inashuka wapi. Mara nyingi sio nyumba, maana ukuta una pembetatu chache tu. Ni hivyo vya kudownload, unakuta kitasa cha mlango jamaa kakichonga mpaka nyuzi za skrubu ambayo imezama ndani ya mbao, nani ataiona? Futa.

Sasa minazi, hapa ndo penye kazi. Decimate, zana ya Blender ya kupunguza pembetatu, ukiiweka kwenye Collapse inafuata njia ya Garland na Heckbert ya mwaka 1997, inapima ukingo upi ukiondolewa umbo litaharibika kidogo kuliko kingo zingine, inaanza na huo. Kwenye shina inafanya kazi safi sana, ila majani membamba inayatafuna, kwa hiyo shina weka Decimate, majani punguza kwa mkono, na pima matokeo kupitia kamera yako, sio umeusogelea mnazi mpaka puani. Ukiridhika apply (upunguzaji uwe wa kudumu kwenye umbo), HALAFU ndo ukopi kwa Alt+D. Sio Shift+D jamani, hiyo inatengeneza umbo jipya kila mara! Kwa Alt+D minazi yote inatumia umbo moja kwenye memori, lakini ukiacha Decimate inaning'inia haijaapplyiwa kila mnazi unabeba umbo lake na faida yote imeondoka. Ile ya mbali kabisa bandika picha ya mnazi kwenye ubao bapa, inatosha.

Teksicha (picha zinazobandikwa juu ya maumbo) nazo usizisahau, moja ya pikseli 4096 kwa 4096 ikifunguliwa inakula MB 64, ukiishusha mpaka 1024 inakula MB 4, na mto wa kwenye kochi la nyuma hauhitaji zaidi ya hapo.

Vilivyo nyuma ya kamera usifute hovyo kama una vioo au sakafu ya kung'aa, taswira yake inarudi humo, weka maboksi ya rangi inayofanana.

Fanya hayo kisha tupia hapa skrinshoti ya Statistics, ya kabla na ya baada, tuone kilichobaki.