Klachi ya WRX: giaboksi ikishashuka, ubadilishe nini?

Kaka, umesema klachi ya Subaru Impreza WRX yako inateleza gia ya nne ukipanda mlima, na orodha ya fundi ni ndefu kuliko mfuko wako. Pleti ya klachi, presha pleti (inayoibana) na rilizi beringi (inayosukuma presha pleti ukikanyaga pedali) nunua seti moja, hapo usibishane naye. Beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini linaloshikana na klachi, nayo ni hela ya chai tu ukilinganisha na kushusha giaboksi mara ya pili. Mimi niliiacha, miezi mitatu baadaye nikawa chini ya gari tena kwa mlio wake.

Flaiwili iangalie mwenyewe kwa tochi. Madoa ya bluu huenda yakaisha ikichongwa. Nyufa zinazoshika ukucha, tafuta nyingine. Oili sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili ya injini isivuje, ikiwa kavu, iache, maana kuing'oa ovyo ndiko kunakoleta uvujaji. Ila kile kifuniko kidogo cha oili kilicho jirani yake, kama ni cha plastiki, weka cha chuma.

Halafu pitisha kidole kwenye shingo ya giaboksi, pale rilizi beringi inapotelezea. Ukigusa ngazi, yaani palipolika, pedali itakwaruza hata na klachi mpya.