Fort Jesus: Je, Ni Kuta za Wareno Tu?

SWALI: Mhariri, natarajia kwenda Mombasa likizo ya Desemba pamoja na wanangu wawili walio shule ya sekondari, nami ningependa tuizuru Fort Jesus. Ndugu yangu aliyewahi kufika huko ananiambia kuwa ni kuta tupu za Wareno, ambazo mtu humaliza kuzitazama kwa nusu saa. Je, ni kweli?
Msomaji, Tanga.

JIBU: Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, lakini kuiita ya Wareno tu ni kuwapa zaidi ya haki yao. Walinyang'anywa na Waomani mwaka 1698, na waliporudi mwaka 1728 hawakudumu hata miaka miwili. Wakafuata Wamazrui, ukoo wa asili ya Omani ulioitawala Mombasa, kisha Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, mwaka 1837, na hatimaye Waingereza, walioigeuza jela tangu 1895 hadi miaka ya 1950.

Ningekuwa mimi, ningewapeleka vijana moja kwa moja kwenye habari ya mazingiwa ya 1696 hadi 1698, Waomani walipoizingira ngome, kwa kuwa ndiyo inayowasahihisha wengi. Watu wa mji walikimbilia ndani ya ngome, na njaa na maradhi yakawaua waliokuwamo hata Wareno wakakaribia kwisha. Mwaka 1697 aliyeshika uongozi wa ulinzi alikuwa Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, Mswahili aliyepigana upande wa Wareno, huku Waswahili wengine wakiwa upande wa Waomani. Mwaka huohuo merikebu Santo António de Tanna, iliyoletwa kuwaokoa waliozingirwa, ilizama mbele ya ngome, na vitu vilivyoopolewa humo katika miaka ya 1970 vimo katika makumbusho ya ndani. Visiwapite.

Baada ya hapo tazameni nyumba ambayo Waomani waliijenga juu ya buruji (sehemu ya ukuta iliyochomoza pembeni) la Wareno, na michoro ya merikebu ambayo mabaharia waliichora ukutani. Wenyeji watawaambia kuwa ngome ina umbo la mtu aliyelala chali. Ni kweli, ila mtu hulitambua akiwa angani au penye ramani, si akiwa uani, kwa hiyo msipoteze muda kulitafuta.

Nendeni asubuhi mapema, kwa kuwa jua la Desemba ni kali na kivuli ni haba uani. Chukueni vitambulisho, kwani raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiingilio kilicho chini ya kile cha wageni wa mbali. Tengeni saa mbili au tatu, kisha mtoke kwa miguu hadi Mji wa Kale, ulio jirani kabisa, ambako mtapata chakula cha mchana.