Malimbuko si zaka

Je, malimbuko na zaka ni kitu kimoja? Hapana, ni vitu viwili. Zaka ina kipimo, sehemu moja ya kumi (Walawi 27:30-32). Malimbuko ni mazao yale ya kwanza kuiva, na Kumbukumbu la Torati 26:1-11 haitaji kiasi chochote: unatia kapuni, kuhani anaweka kapu mbele ya madhabahu, nawe unatamka jinsi Bwana alivyowatoa Misri na kuwapa nchi. Kisha unafurahi pamoja na Mlawi na mgeni aliye kwenu. Maneno yale ndiyo moyo wa tendo lenyewe, maana yanakiri kwamba ardhi si yako, umepewa.

Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya sheria ya Wayahudi, inaeleza utaratibu: mkulima akiona tini ya kwanza imeiva, anaifunga kwa unyasi pale pale mtini na kusema hii ni malimbuko. Kwa hiyo anayevuna, akauza, halafu akaleta masalio kwenye ibada ya mavuno, ameshapindua mpangilio. Shukrani ilitangulia, kabla mtu hajajua msimu utampa gunia ngapi.

Ila Agano Jipya haliwawekei Wakristo kiwango cha malimbuko. Kwa hiyo anayekutajia asilimia, muulize ni aya ipi.